Koti Lililobaki Darini

Fundi alikuwa cherehani yenye mdomo. Mteja akileta suruali ya kupunguza, hutoka na suruali na ushauri wa ndoa, ushauri bure. Lakini siku aliyorudi kwenye mji wa machimbo ya shaba alikozaliwa, alipita mtaa mzima wa nyumba za wachimbaji, milango imepigiliwa mbao na kuta zimechirizika ukijani wa shaba, bila kutamka neno. Mnara wa kushushia watu shimoni ulikuwa bado umesimama na kutu yake yote. Aliuangalia mpaka shingo ikamuuma.

"Karibu, binti," alisema mlinzi wa mahame yale, mchimbaji wa zamani.

"Binti gani mwenye wajukuu? Nionyeshe koti lilipo."

Akampeleka kwenye ukumbi wa kubadilishia nguo. Jamani, ukumbi ule! Dari iko juu huko, na kutoka darini imening'inia minyororo, safu kwa safu, kila mmoja na kulabu yake. Mchimbaji alikuwa akivua nguo za nyumbani, anazitundika, anazivuta juu, anaufunga mnyororo ukutani ndipo ashuke shimoni. Akitoka anaziteremsha mwenyewe. Mnyororo wa mwenzako huugusi, maana kuugusa ni kusema harudi.

Kulabu zote zilikuwa tupu, isipokuwa moja. Juu kabisa, kwenye mwanga wa dirisha la paa, lilining'inia koti.

Baba yake alishuka shimoni asubuhi moja, Fundi akiwa bado mtoto wa kubebwa. Shimo likaporomoka, likazibwa pamoja na waliokuwamo ndani. Mama yake hakupata mwili wa kuzika, akakataza koti lisishushwe. "Atalishusha mwenyewe," alisema, na hakubadili kauli mpaka anaingia kaburini. Mgodi ukafungwa, watu wakahama, koti likabaki. Sasa paa lilikuwa linaezuliwa, na mlinzi alikuwa amegoma kuugusa mnyororo ule mpaka mtoto wa mwenyewe aje.

"Nikilishusha, ndiyo nimemzika," Fundi alisema.

"Ndiyo, mama. Na usipolishusha, watalizika wengine kwenye kifusi."

Alipiga moyo konde, akaufungua. Mnyororo ulilia ukumbi mzima. Koti likaja taratibu, vumbi likicheza kwenye mwanga, na mlinzi akavua kofia.

Kwa Fundi, maisha yote baba alikuwa jitu. Wateja walishamsikia mpaka wakachoka: baba yangu aliinama kuingia kila mlango, baba yangu alibeba gunia kwa mkono mmoja. Alipolipokea koti, mikono yake ilianza kazi bila kuambiwa. Ikapima mabega kwa shubiri, ikarudia. Ikapima kifua. Yalikuwa mabega ya kijana wa shule.

Kisha akakunjua mikono ya koti. Ndani ya pindo, aliyelishona alikuwa ameacha kitambaa cha ziada, kama Fundi anavyowaachia wajukuu wake, cha kuongezea mtoto akirefuka.

Fundi alikaa sakafuni, akalipakata lile koti, akaanza kulibembeleza.