Mipira ya Mkono wa Kulia

Kikapu changu cha kuchumia kahawa kilikaa juu ya kabati miaka mingi bila kazi, mpaka mjukuu wangu alipoanza tenisi. Nikakishusha, nikakifunga kiunoni kama zamani, nikakijaza mipira iliyochakaa. Kila jioni, akitoka shule, tulitembea kutoka Ngoingwa hadi uwanja wa saruji nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Mimi narusha, yeye anapiga. Nilikuwa nafika nimeshachoka.

Aliyenipa kazi hiyo ni kocha wake wa Ruiru. Alikuwa na watoto wengi Jumamosi, akaniita Shosho, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake, akaniambia hawezi kumtengeneza mchezaji kwa siku moja ya wiki.

"Shosho, utamrushia mipira mia kila jioni. Kulia, kushoto, mbele, nyuma. Asijue mpira unaenda wapi."

"Mimi sijui tenisi."

"Kurusha je?"

"Kuku wangu hawajalalamika."

"Basi umeandikwa kazi," akasema, na wazazi wengine wakacheka.

Mwanzo nilirusha kama nilivyoambiwa. Lakini bega langu la kulia liliharibikia shambani. Mkono umezoea kutoka kwenye tawi kuja kikapuni, yaani kuja ndani, na nikirusha hivyo mpira unaangukia mkono wake wa kulia. Nikiutupa nje, kwenda kushoto kwake, bega linachoma mpaka shingoni. Basi mipira ya kushoto ikapungua. Kufikia msimu wa mvua nilikuwa sirushi hata mmoja. Na yeye akapiga ya kulia vizuri sana! Askari wa geti la kiwanda alikuwa akiacha chai yake kuja kutazama. Nilijiambia mtoto ameiva.

Ikafika siku ya kuchagua, kule Ruiru, wasichana sita wa kwenda mashindano ya Nairobi. Alikuwa amepiga pasi sketi yake nyeupe tangu Jumatano, akaitundika mahali angeiona akiamka. Asubuhi hiyo hakula. Hakutaka kitu kingine duniani, alitaka tu kuwa mmoja wa hao sita.

Mpinzani wake alikuwa kasichana kadogo kenye miwani, kasiko na nguvu. Mipira mitatu ya kwanza kalishindwa. Wa nne kakaupeleka kushoto, mjukuu wangu akaugonga na ukingo wa raketi, ukatoka nje. Kakatazama. Kakapeleka kushoto tena. Na tena. Hakakupeleka kwingine mpaka mwisho.

Mama mmoja kando yangu akauliza, "Huyu alifundishwa na nani? Kushoto ni kama hana mkono."

Nikafunga vifungo vya sweta.

Walipomaliza kocha alikuja moja kwa moja. "Shosho, upande wa kushoto mlikuwa mnafanya?"

"Tulikuwa tunafanya," nikasema.

Akamgeukia mtoto. Mtoto akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake.

"Tulikuwa tunafanya, kocha."

"Basi ni wewe mvivu. Shosho anatoka jasho, wewe unacheza."

Wakasoma majina sita. Mimi shule niliacha mapema, lakini jina likiingia masikioni mwangu halitoki. Hayo sita ninayo mpaka leo, kwa mfuatano uleule, na ya wazazi wao. Lake halikuwemo.

Tulikuwa kwenye matatu ya kurudi, tumepita Witeithie, ndipo nikaweza kufungua mdomo. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini, Shosho? Ulikuwa unarudi nyumbani huwezi hata kuvua sweta. Mimi ndiye nilikuwa nakuvua. Ulidhani sioni?" Akageukia dirisha, akalia bila sauti mpaka Thika.

Wiki hiyo hatukwenda uwanjani. Jumamosi nikaenda naye Ruiru, nikamwambia kocha mbele ya wale wazazi wote: mtoto si mvivu, mvivu ni mimi, na nilikudanganya. Nilifikiri atanifukuza.

"Nilimwita mvivu," akasema mwishowe, na akaenda kwanza kumwomba mtoto msamaha. Aliporudi akauliza, "Shosho, kahawa mlikuwa mnachuma kwa mkono mmoja?"

"Mmoja? Utajaza debe saa ngapi? Yote miwili."

"Na wa kushoto unauma?"

Nikautazama mkono huo. Miezi yote hiyo ulikuwa unashikilia kikapu tu.

Jumatatu nilikifunga tena kiunoni. Wale sita walikuwa wakijiandaa kwenda Nairobi. Nikachukua mpira kwa mkono wa kushoto, nikarusha ukija ndani, kama kwenye tawi. Ukaanguka kwenye wavu. Wa pili pia. Wa tatu ukavuka, ukaangukia kushoto kwake, akaukosa.

"Tena, Shosho," akasema.

Nikaingiza mkono kikapuni. Ilikuwa imebaki tisini na saba.