Baridi ya Shemeji

Sijawahi kumheshimu shemeji yangu, na wiki ile ya mwishomwisho wa Novemba ndiyo iliyonifanya niache hata kujifanya.

Nyumbani mtu akisikia vuli anafikiria mvua. Hapa Guangzhou, kusini mwa China, vuli ikielekea ukingoni ndiyo raha yenyewe. Ule unyevunyevu unaootesha ukungu kwenye viatu unakuwa umekwisha, anga imekauka, mchana joto la kiasi, usiku shuka moja inatosha. Ubaya wake ni midomo kupasuka tu. Utabiri kwenye simu yangu ulisema wiki nzima itakuwa hivyo: jua, mawingu machache, upepo hafifu wa kaskazini, mvua hakuna. Nikafua mapazia.

Shemeji naye, wiki hiyohiyo, alikuwa anakufa kwa baridi.

Mbele yangu alikuwa mzima, anakula sahani mbili za wali. Alikuwa anakufa kwenye kundi la familia, ndani ya simu. Huyu ni mume wa mdogo wangu. Wana duka la jinzi Kariakoo. Mdogo wangu anauza kule, yeye anakaa huku kufuatilia mizigo. Kazi yake ilikuwa kwenda Xintang, kwenye karakana za jinzi, akague mshono, ahakikishe mali imepakiwa kwenye kontena. Kazi ya kupanda gari na kutumia macho. Hata hiyo ilimshinda.

Kwa hiyo akatafuta ugonjwa. Alirusha picha amevaa koti nene la manyoya, amejikunyata, nyuma yake barafu tupu, na chini ameandika: "Tuombeeni." Barafu ile naijua. Ipo ndani ya jengo la maduka, watoto wanatelezea kwa viatu vya vyuma. Koti nalo alikuwa ameliazima kwenye duka moja la jumla pale Zhanxi, na kikaratasi cha bei kilikuwa kinaning'inia kwapani. Ukikuza picha unakiona. Ukoo mzima haukukuza picha. Mashangazi wakaandika "Allah amponye", mjomba mmoja akashauri supu ya pweza.

Nilimpigia mdogo wangu.

"Hakuna baridi huku. Mimi hapa nimevaa dera."

"Dada, wewe umeshazoea," akasema. "Mwenzio kifua kimembana. Xintang atafikaje na hali ile?"

Nilimwonea huruma, lakini nilimdharau pia kidogo. Mwanamke anayemshika mteja mwongo kwa kumtazama mara moja, kwa mumewe anafumba macho!

Hakuishia kwenye dua. Alikata tiketi akaja, na akanikataza nisimwambie mgonjwa, eti furaha itamsaidia kupona. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Baiyun. Alitoka na koti, skafu, soksi za sufi ndani ya viatu vya wazi, na sanduku lililojaa tangawizi, asali na blanketi. Waliokuwa wakipokea wageni pembeni yangu walivaa fulana.

Tulipotoka nje alisimama. Akavua skafu. Akatazama juu, pale palipokuwa na jua na wingu moja la kizembe.

"Baridi iko wapi?"

Nikampa simu yangu asome utabiri mwenyewe. Alisoma siku baada ya siku mpaka mwisho wa wiki, kisha akarudi nyuma kutazama wiki iliyopita. Akanirudishia simu. Ndani ya treni alikaa na koti mapajani, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia.

Tulimkuta juu ya paa la jengo analokaa, mchana kweupe. Amekaa kifua wazi, miguu juu ya kreti, anacheza karata na wavivu wenzake wawili huku mishikaki inaiva. Alipomwona mkewe aliruka, akakimbilia ndani ya chumba chake pale juu. Nilidhani amekwenda kutafuta shati. Akatoka amevaa lile koti, amelifunga zipu hadi kidevuni, anakohoa.

"Mke wangu! Mbona hukusema? Ndiyo kwanza imepungua saa hii."

"Nini?"

"Baridi. Jana ungekuja ungelia."

Mmoja wa wale wacheza karata akatazama sakafu. Aibu iliyotakiwa imshike shemeji ilimshika yeye.

Mdogo wangu alimsogelea, akamwekea kiganja kwenye paji la uso kama mama anayempima mtoto.

"Unatoka jasho," akasema.

"Homa hiyo."

"Jinzi zetu zimefikia wapi?"

Akakohoa tena. Kikohozi kilikuwa kirefu, nacho kilikuwa jibu.

Asubuhi yake tulikwenda Xintang, mimi na mdogo wangu. Shemeji alibaki kitandani kulinda heshima ya ugonjwa wake. Laobani, yaani bosi wa karakana, alimtazama mdogo wangu akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Mumeo mzima? Tangu joto kali sijamwona." Vitambaa vilikuwa vimekatwa zamani, vimefungwa kamba, vinamsubiri mtu wa kuchagua rangi ya uzi. Rangi ya uzi tu! Mdogo wangu aliichagua akiwa amesimama, akakaa pale mpaka mishono ya kwanza ikatoka, akaikagua kwa kucha.

Nilingoja amtukane mumewe. Nilikuwa na matusi mazuri ya kumwazima. Siku zote zile za jua hakutukana. Jioni alimpikia tangawizi na asali, akamsimamia mpaka anywe yote. Mchana tulirudi karakana. Mzigo ulipokwisha kupakiwa akamwambia wabadilishane: yeye atabaki huku, mumewe arudi Dar kuuza dukani. Yule bwana akakubali haraka, akisema hewa ya nyumbani itamfaa kifua.

Sasa yuko Kariakoo, amenenepa, na nasikia wateja wanampenda. Watu hupenda kudanganywa na mtu mwenye sauti nzuri.

Nilimuuliza mdogo wangu siku moja, tukiwa tunakagua jinzi karakanani, kwa nini hakumwacha. Alinitazama kama vile mimi ndiye mpumbavu.

"Dada, mimi nilimtaka mwenyewe," akasema. "Hebu geuza hiyo, nione mifuko ya nyuma."

Nikaigeuza.