Bakuli la Avoka la Baba

Juzi nilimkuta binti yangu akiponda avoka kwa uma, akaikamulia ndimu na kunyunyiza chumvi kidogo. Harufu ile ilinirudisha nyumbani kwetu Kibenga, alasiri moja ya utoto wangu.

Baba alikuwa amelala chumbani siku nyingi. Daktari alisema avoka ina nguvu, kwa hiyo mama alimpondea kila siku pamoja na maziwa, mpaka ikawa laini kama uji. Mimi niliona wivu. Nilidhani baba anadekezwa tu.

Siku hiyo mama alikwenda sokoni, akaniacha nimwangalie baba, bakuli lake la avoka likiwa kando ya kitanda. Nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa pumzi ya baba iliyokwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Alitia kijiko kimoja mdomoni, akakaa nacho muda mrefu, kisha akaitema avoka kwenye kitambaa.

"Kula we, Aline," aliniambia, akinisogezea bakuli. "Mi nimeshiba. Lakini usimuambie mama yako."

Nilikula yote, nikalamba na kijiko.

Mama aliporudi na kuliona bakuli tupu, alipiga makofi, akamwita jirani kupitia dirisha.

"Amekula yote! Baba Aline anapona!"

Baba alinitazama, akatabasamu. Nami nikatabasamu, nikifurahia siri yetu, bila kujua kwamba koo lake lilikuwa limeshaanza kuziba.

Tulimzika kabla ya wiki kwisha. Mpaka leo mama husimulia kwamba siku zile za mwisho baba alikuwa akila vizuri, na mimi bado sijamwambia.