Chemchemi ya Mama Deo Haikukauka, Nilidanganya

Nimekosa mimi, bibi yenu. Nimekosa kwa mdomo huu huu ambao wajukuu wanaupenda kwa hadithi. Nisipoyatoa haya nitazikwa nayo hapa migombani, na mimi sitaki! Mwandiko wangu ni wa mtu aliyeacha shule mapema, mnivumilie.

Magoti yangu yamekwisha, meno nayo yananiaga, lakini wivu wangu haujazeeka. Una nguvu kama msichana!

Naishi huku Uru, juu. Jirani yangu ni mke wa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Nitamwita Mama Deo, siyo jina lake. Vihamba vyetu, mashamba haya ya ukoo tunayoishi ndani yake, vimegusana, migomba yangu inalalia kwake. Mimi niliolewa kwanza. Yeye alikuja miaka mingi baadaye kutoka Machame, Mlutheri, na sauti yake ya kwaya. Hata hajazoea misa yetu, padri kamweka mbele aimbishe! Mimi nimeimba pale tangu binti, hakuna aliyewahi kuniambia hata "umejitahidi".

Mtori wake, ile supu yetu ya ndizi, ni mzuri. Ng'ombe wake wana maziwa. Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa anakunywa mbege yangu halafu anasema, "Ya mke wa mdogo wangu imekaa sawa zaidi." Unaambiwa hivyo nyumbani kwako, na pombe umepika wewe!

Lakini kilichoniuma hasa ni chemchemi. Yake iko ndani ya kihamba chake, chini ya mkuyu. Ndogo, kimya kimya, haikauki. Mimi nina ya kwangu upande wa pili. Hiyo masika inatoa maji kwa kelele mpaka unaona fahari, kiangazi inanywea. Hata maji yalimpenda yeye!

Sasa miaka hii mvua haieleweki. Inachelewa, ikija inakuja na hasira, kisha jua mpaka migomba inakunja majani. Mfongo, ule mfereji waliotuchimbia wazee, ukawa unanifikia matone. Basi wakaja wataalamu wa maji kutoka Moshi mjini, wakatuita ukumbi wa kanisa. Walitaka kupanga maji ya kijiji yatakayohimili ukame na mafuriko. Siyo ya mwaka huu tu, ya wajukuu.

Mmoja wao, binti mtaratibu, akaniinamia. "Shikamoo bibi. Tumepima chemchemi zote mbili, lakini sasa ni masika, zote zina maji, na ya kwako ndiyo kubwa. Tunataka kujua, mwaka ule wa ukame mbaya, ipi haikukauka? Sisi hatukuwepo, na hakuna aliyepima. Kumbukumbu ni wewe."

Jamani! Ukumbi mzima unanisubiri mimi. Wenzangu tuliochota nao maji mwaka ule wameshatangulia, na shemeji alikuwa bado mtoto. Nikatupa jicho, nikamwona Mama Deo amekaa mbele na kitenge kipya. Nikaona watakavyojenga chanzo kwake, wapande miti, wageni waje na magari, na yeye awakaribishe mtori.

"Ya Mama Deo ilikauka," nikasema. "Mimi mwenyewe nilikwangua tope pale kwa kata. Ya kwangu ndiyo ilituokoa."

Yesu mae! Uongo ulitoka laini kama siagi. Tope nililikwangua kweli, lakini kwenye chemchemi yangu.

Binti akamgeukia Mama Deo. "Na wewe mama unasemaje?"

"Mama mkwe aliwahi kuniambia vingine," akajibu polepole. "Lakini mwaka ule nilikuwa bado kwetu Machame. Dada alikuwepo. Tumsikilize dada."

Aliniheshimu mbele za watu, na mimi nikamchukia zaidi!

Wakajenga kwangu. Mabomba, uzio, kila kitu. Padri akaja kubariki, nikafunga kilemba, watu wananipa mkono, "Hongera bibi!" Nilicheka mpaka mashavu yakauma. Siku zile nilikuwa napita mbele ya geti la Mama Deo hata nisipokuwa na safari.

Kiangazi kikaja, na mvua za vuli hazikuja. Chanzo changu kikapungua, kikawa uzi, kikakata. Bomba likawa linapuliza hewa. Kijiji kizima na ndoo kikaenda wapi? Kwa Mama Deo! Wakakanyaga magimbi yake, wakaangusha migomba, na yeye hakufunga geti. Mimi nami kwenye foleni na kidumu changu.

"Pita mbele, dada. Wewe ni mkubwa," ananiambia.

Afadhali angenitukana!

Ng'ombe wangu akakauka maziwa. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akateleza na ndoo pale mtelemkoni, akavunjika mkono. Nilikaa kando ya kitanda chake nikilia, naye ananibembeleza, "Basi mama, nitapona." Hakujua ninachokililia.

Wataalamu wakarudi, sura zimewashuka. Wakasema chemchemi za huku haziaminiki, moja imekata na nyingine mimi nilisema iliwahi kukauka, labda mpango uhamie kijiji kingine. Hapo nikaogopa kweli. Nikachuma jani la isale, nikaenda kwa Mama Deo. Kwetu Uchagani ukiletewa isale huna ujanja, lazima usamehe. Nikamwambia yote, mpaka lile la mbege.

Akakaa na jani mkononi, anatazama chini. Kisha akaangua kicheko! "Kwa hiyo dada, miaka yote hii ulikuwa unaona mtori wangu mzuri, na hukusema?"

Nikamwonea wivu hata kusamehe kwake. Mimi ningemsimamisha mlangoni mpaka achoke!

Mkutanoni akasimama yeye. "Msimlaumu dada. Ni umri, alichanganya. Ya kwangu ndiyo haikauki, si mmechota wenyewe?" Wakakubali, mpango ukabaki kwetu, wakaanza kupanda miti kuzunguka chemchemi yake. Watu wakaniangalia kwa huruma. "Pole bibi." Na mimi nikajikunja kwenye kiti, nikajifanya mzee.

Kumbe ndiyo adhabu yangu! Sasa hakuna anayeniamini. Nikisimulia habari za zamani wajukuu wanakonyezana. Nikisema kuku ametaga, mkwe anakwenda kuhakikisha. Mimi! Mimi ninayekumbuka kila bibi harusi wa kijiji hiki aliolewa amevaa nini!

Tena wiki hii limekuja kubwa zaidi. Wataalamu wanataka kuweka tanki jipya, na wamependa pale patambarare chini ya chanzo cha Mama Deo. Yule binti mtaalamu akauliza kama mafuriko yaliwahi kupita pale. Mwenyekiti wa kijiji akadakia, "Pale? Pakavu siku zote!"

Uongo! Mwaka ule wa mvua kubwa nilikuwa na mtoto mgongoni, nikayaona kwa macho haya. Maji yaliteremka pale pale na mawe na magogo, yakazoa zizi la mbuzi na mbuzi ndani. Nikasimama, nikasema hivyo hivyo.

Mwenyekiti akatabasamu. "Asante bibi. Kaa, upumzike."

Na chini ya pale ndipo alipojenga Deo, mwana wa Mama Deo. Nyumba ya vigae, geti linateleza lenyewe, na humo ndani wanalala watoto wake. Tanki likizolewa, kituo cha kwanza ni hapo. Mnajua sauti gani ilikuja moyoni? "Nyamaza tu. Si ulisema, wamekataa?" Eh Mungu wangu, nimezeeka hivi na bado wivu ndio unanishauri!

Nikamfuata Mama Deo nje, nikamshika mkono. Nikamwambia nyumba ya Deo iko njiani mwa maji.

"Dada, hili ni la kweli? Au na hili...?"

Lilinichoma kuliko yote. Nikaona nilichokipoteza. Hata huyu!

"La kweli," nikasema. "Nakuapia kwa wajukuu zako na wangu."

"Basi kawaambie na lile la kwanza, wewe mwenyewe. Mimi niliwaambia unasahau. Leo nikiwaambia unakumbuka, watanielewaje? Siwezi kukusemea tena, dada."

Akaingia ndani. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

Jumapili baada ya misa ya kwanza tunakutana tena, na mafundi wanasubiri tu waonyeshwe pa kuchimba msingi. Nitasimama niseme sikusahau, nilidanganya, na niliwaacha mnihurumie bure. Halafu nitawaongoza mpaka pale yalipopita maji, kwa magoti yangu haya haya. Nimewaandikia nyinyi kwanza ili maneno yanizoee, maana kila nikijaribu kuyasema peke yangu jikoni yananikwama. Watanicheka. Mkwe wangu atautazama mkono wake, kisha anitazame mimi. Sawa, anitazame.

Nyinyi wengine, hasa wazee wenzangu, nawaomba sana! Mvua za sasa siyo zile tulizokulia, na hawa vijana wanapanga maji ya watoto wetu kwa kutuuliza sisi tuliona nini. Wakija kukuuliza habari za maji, jibu habari za maji. Yako na jirani yako kayamalizeni jikoni.