Panya Weupe na Magongo ya Roselida

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyorudi Matungu kutoka ng'ambo, wakati miwa ilikuwa imesogea hadi mlangoni mwa kila nyumba. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine mwenye diploma ya maabara. Niliipata kwa jasho langu, sikubebwa na mtu, na hadi leo imetundikwa ukutani pangu.

Nilimkuta dada yangu Roselida miguu imelegea. Daktari alikuwa amesema kinga ya mwili wake imegeuka, inashambulia mishipa yake mwenyewe ya fahamu. Ugonjwa wa namna hiyo ndio tuliouchunguza kule. Nikamweleza, majirani wakisikia, jinsi tulivyowapa panya weupe chembechembe za ubongo kidogo kidogo mpaka kinga yao ikazizoea. Baadaye tulipowadunga sindano ya kuleta ugonjwa, wenzao wasiopewa walilegea miguu ya nyuma, wao walikimbia.

"Utatembea, dada," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayesema."

Aliniamini. Akaacha mazoezi ya hospitali, na magongo aliyochongewa na baba akayaficha nyuma ya mlango. Asubuhi ya tatu nikamkuta sakafuni jikoni, sufuria imepinduka kando yake. Alikuwa amejaribu kusimama peke yake. Hakulia. Aliniuliza tu dawa yangu itafika lini.

Baba alinipeleka shambani, akaokota kipande cha muwa wa mbegu. Akaniuliza kwa nini tunaichovya mbegu kwenye maji moto. Nikajibu kwamba tunaikinga na ugonjwa.

"Kabla ya kupanda, au baada?"

"Kabla, baba."

"Na hao panya wako?"

Tuliwakinga wakiwa wazima.

"Sasa shamba likishaugua, kijana, utalichovya lote?"

Nilirudi nikayatoa magongo, nikapiga magoti mbele ya Roselida. Nikamwambia kwamba ninachokijua kinaishia kwa panya, tena panya wazima. Akayapokea magongo.

"Basi nishike huku kushoto, daktari wa panya."

Tukacheka, machozi yakitutoka. Tangu hapo, kila siku ya kliniki, nilimshika kushoto.

Mwanangu, elimu yako jivunie. Mimi yangu bado najivunia. Lakini unapomweleza mgonjwa unachokijua, mwonyeshe na mahali kinapoishia, maana yeye atasimama juu ya neno lako kwa miguu yake yote miwili. Mungu akujalie kichwa cha kusoma, na mkono usiochoka kumshika mtu upande unaomlegea.