Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Mtaa mzima ulimwita fundi cherehani yule Daktari, maana kopo lake la vifungo lilijaa antibayotiki zilizobakizwa na wagonjwa waliojiona wamepona. Ukipiga chafya tu, anakupa vidonge viwili.

“Shangazi, mafua ni virusi,” mpwa wake muuguzi alimwambia mpaka mate yakamkauka. “Dawa hizi zinaua bakteria.”

“Nitolee kisomo chako hapa! Mdudu ni mdudu.”

Mafua yaliisha yenyewe, sifa akazibeba yeye.

Juzi sindano ikamchoma kidole, kikavimba, kikatunga usaha. Hao sasa ndio bakteria wenyewe! Akafungua kopo, akakuta vifungo vitupu.

“Vidonge vya mwisho ulimpa nani?” mpwa akauliza, akimkokota kwenda hospitali.

“Jirani,” akanung'unika. “Alipiga chafya.”