Tofali za maganda ya kahawa zilivyotaka kuniaibisha ukweni

Wakuu, habari za jioni. Leo nina kisa cha ujenzi. Sitaongeza chumvi, maana mke wangu naye ni member humu na ataniumbua.

Enzi hizo bado tuko mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa. Mimi naishi Mpemba, mama mkwe yuko Hasamba, juu mlimani, gari halifiki. Kupandisha tofali za kawaida kule ni adhabu, na simenti bei juu.

Nikajifanya injinia. Nilisikia maganda ya kahawa ukichanganya na mchanga na simenti kidogo, unapata tofali nyepesi. Na pale bondeni, kwenye mashine ya wanakijiji ya kumenyea kahawa, maganda yanaoza tu.

Kwa kimbelembele changu nikabomoa jiko lake KABLA ya kufyatua hata tofali moja! Mama akawa anapikia chini ya turubai, na mvua hazikuwa mbali.

Nikaanika maganda, nikayaponda, nikafyatua hukohuko bondeni.

Siku ya tatu nagusa tofali, linamomonyoka mkononi. Siku ya saba, vilevile. Nikamlaumu muuza simenti, nikamlaumu fundi aliyenisaidia kufyatua. Shemeji yangu kila asubuhi: "Injinia, leo zimeiva?"

Aisee, niliona aibu.

Kwetu heshima ya ukwe ni kubwa, mama hasemi nami moja kwa moja. Akamwambia binti yake, na mimi nimesimama palepale: "Hebu muulize mwenzio. Kahawa yenyewe tunailoweka, tunaiosha utelezi, ndipo tunaanika. Yeye maganda ameyaosha?"

Sikuwa nimeyaosha. Kumbe ule utelezi wenye sukari ndio ulikuwa unaizuia simenti kushika.

Tukachukua maganda mengine, tukayaloweka kwenye maji ya chokaa, tukayaosha mpaka maji yakatoka masafi, tukaanika upya. Tukafyatua kwa ratio ileile. Baada ya wiki mbili za kumwagilia, shemeji akaangusha moja makusudi. Likadunda! Akapandisha mlima na tatu kichwani, anaimba.

Bati tuliliegemeza kwenye nguzo za miti, tofali ni ukuta tu, msije mkajenga ghorofa.

Mvua ya kwanza ilimkuta mama yuko ndani ya jiko jipya, anageuza ugali, naye mkavu kabisa. Nilifurahi mpaka nikasimama nje nanyeshewa.

Funzo: nililaumu kila mtu, sikumuuliza mwenye kahawa yake.

Wa mpunga, alizeti na karanga, nyie mnatumiaje maganda yenu? Mwagikeni. Mwenye ratio ya tofali za choo anipe haraka, amri imeshatoka ukweni.